Pai kwa Pima na Shibiri: Shajara ya Ubao wa Duara, Lamu

4 Agosti

Leo tumekubaliana na fundi. Atachonga ubao mmoja wa duara wenye kipenyo cha mkono mmoja, na ndani yake pete za tarakimu, moja ndani ya nyingine. Kila pete itaandika pai, yaani mara ngapi kipenyo cha duara huingia kwenye mzingo wake, ila kwa namna yake ya kuhesabu. Fundi ni mjomba wangu, mchonga milango na makasha, karakana yake iko Langoni. Wahesabuji ni vijana wanne ninaowasomesha jioni kwenye baraza yetu baada ya alasiri.

Chanzo cha yote haya ni swali la msichana wa kidato cha tatu. Karatasi moja ya mtihani ilimwambia atumie pai kuwa 22/7, nyingine ikamwambia 3.142. Akaniuliza, "Mwalimu, ya kweli ni ipi?" Nikamwambia si hii wala si ile, zote mbili ni makadirio, na ile ya kweli haina mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Haina mwisho yenyewe, au haina mwisho kwa sababu tunaiandika kwa kumi kumi?"

Nimelala na swali hilo siku tatu. Kumi ni vidole tu. Na hapa kwetu hatuhesabu kila kitu kwa kumi. Saa zetu ni kumi na mbili mchana na kumi na mbili usiku, na dakika zake sitini. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nafaka bibi zetu walipima kwa kibaba, na vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Nikaanza kujiuliza pai ingesomekaje kwa kila kipimo kati ya hivi.

9 Agosti

Tulikwenda Shela maji yalipokupwa, tupate mchanga mgumu wa kuchorea.

Kabla sijasimulia, nieleze vipimo, maana vijana wawili hawakuvijua. Shibiri mbili ni mkono mmoja. Mikono miwili ni wari. Wari mbili ni pima, upana wa mikono iliyonyooshwa huku na huku. Kwa hiyo pima ni wari 2, mikono 4, shibiri 8. Kila kipimo ni mara mbili ya kilichokitangulia! Nimeyajua maneno haya tangu utotoni na sikuwahi kuona kwamba yamesimama juu ya mbili kama kompyuta inavyosimama juu ya mbili.

Mwili wenyewe hauko sawasawa hivyo. Tulimpima fundi: pima yake sentimita 180, lakini mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni 47, na 47 mara nne ni 188. Tukaamua pima ya fundi ndiyo iwe asili, vingine vyote vitokane nayo kwa kukunjwa. Ukikunja kamba ya pima mara moja umepata wari, mara mbili mkono, mara tatu shibiri.

Kamba ya kwanza ilikuwa ya usumba, na ilitudanganya. Tulichora duara kamba ikiwa imelegea, tukapima mzingo tukiivuta, ikarefuka. Tukapata kamba tatu na vidole vitano tu. Kijana mmoja akafurahi kwamba pai imekuwa fupi. Tukaiacha, tukachana ukanda wa kitambaa cha tanga kuukuu, urefu wa sentimita 180 barabara. Huo hauvutiki kirahisi, na hukunjika vizuri.

Kijiti katikati, wari moja kama nusukipenyo, duara likachorwa. Kisha tukaulaza ukanda juu ya mstari, vijiti vidogo vikiushika usihame. Pima ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikabaki nafasi. Tukakunja ukanda mara moja: wari haiingii. Mara mbili: mkono hauingii. Mara tatu: shibiri ikaingia, na bado pakabaki upenyo wa sentimita tatu hivi.

Nikawaandikia mchangani: inapoingia weka moja, isipoingia weka sifuri. Tatu yenyewe kwa mbili mbili ni 11, yaani mbili moja na moja. Wari sifuri, mkono sifuri, shibiri moja. Basi:

11.001

Hiyo ni pai kwa msingi wa mbili, tarakimu tatu za mwanzo baada ya nukta, na tumeipata kwa kukunja kitambaa. Pima tatu na shibiri moja ni 3 na 1/8, yaani 3.125. Mwaka 1936 kule Susa, nchini Iran, kilichimbuliwa kibao cha udongo cha zama za Wababiloni kinachotoa hesabu hiyo hiyo, 3 na 1/8. Nilipowaambia hivyo, msichana wetu alikaa kitako mchangani akaangalia duara lake upya.

Tuliendelea kukunja. Mkunjo wa nne hauingii, wa tano hauingii, wa sita, wa sentimita 2.8, ukaingia. Sasa ni 11.001001. Kilichobaki ni milimita mbili pungufu, na mchanga hauwezi kushuhudia milimita mbili. Maji yalikuwa yameanza kujaa pia.

13 Agosti

Nimepiga hesabu ya vidole. Mkono ni upana wa vidole 24, kwa hiyo pima ni vidole 96. Duara lenye kipenyo cha pima moja lina mzingo wa vidole 301 na nusu na kidogo. Pima tatu ni 288, shibiri ni 12, jumla 300. Kile tulichokiona kimebaki pale Shela ni kidole kimoja na nusu.

Na hiyo 96 imenishtua. Archimedes wa Syracuse alizingira duara kwa umbo la pande 96 ndani na jingine la pande 96 nje, akaonyesha kwamba pai iko kati ya 3 na 10/71 na 3 na 1/7. Alianza na pande sita, akazikata katikati mara nne: 12, 24, 48, 96. Naye alikuwa anakunja.

16 Agosti

Mama mdogo anashona kofia za vito. Nilimpelekea chai nikamkuta anakata duara la juu la kofia ya mteja ambaye amempa uzi tu wa kipimo cha kichwa. Nikamuuliza, "Mama mdogo, unajuaje ukubwa wa duara kutoka kwenye uzi huu?"

Akaukunja uzi mara tatu, akaubana mwisho kati ya kidole gumba na cha shahada, akaurudisha nyuma nusu kidole. "Hapa," akasema. "Ukiuwata ulivyo, kofia yapwaya. Kitwa cha mtu si sinia."

Uzi ulikuwa sentimita 56. Ukiugawa kwa tatu ni 18.7. Ukiugawa kwa pai ni 17.8. Tofauti ni milimita nane na kitu, na nusu kidole cha mama mdogo nimekipima: milimita nane. Sijapata kuona pai ikikaa mahali pazuri kuliko pale. Nimemwomba ruhusa kuandika habari hii humu, akacheka akasema niandike pia kwamba macho yanamuuma.

23 Agosti

Pete ya pili, ya sitini sitini. Hii ndiyo niliyoisubiri kwa hamu.

Njia ya kubadilisha ni moja kwa misingi yote. Weka tatu kando. Kinachobaki, 0.14159265359, kizidishe kwa msingi wako. Nambari nzima inayotoka iandike, kilichobaki kizidishe tena. Kwa sitini: 8, kisha 29, kisha 44, kisha 0, kisha 47. Kijana mdogo kabisa ndiye aliyesema, "Hiyo ni saa!" Ndiyo, ni saa. Saa tatu, dakika nane, sekunde ishirini na tisa. Kila asubuhi, tukiwa tumeshafungua vitabu, saa tatu na dakika nane, mshale unapita juu ya pai.

Ptolemy wa Iskandaria aliandika 3. 8, 30, yaani sekunde thelathini badala ya ishirini na tisa na zaidi. Kisha akaja al-Kashi, kule Samarkand, mwaka 1424. Huyu niliwasimulia vijana hadi adhana ya magharibi. Aliukata mzingo hadi umbo la pande 805,306,368, ambayo ni tatu zidisha mbili mara ishirini na nane. Tatu, kisha kukunja, kukunja, kukunja! Akapata mara mbili ya pai kwa tarakimu tisa za sitini baada ya nambari nzima, kisha akaigeuza kwa kumi kumi akapata tarakimu 16 sahihi. Kwa mkono, kwa wino. Alitaka mtu akikokotoa mzingo wa ulimwengu wote kama ulivyodhaniwa wakati huo, asikosee hata kwa upana wa unywele wa farasi.

Msichana akauliza kama naye aliukunja kwa kitambaa. Nikamwambia alikunja kwa kipeuo cha pili, mzizi baada ya mzizi, na kila mzizi aliukokotoa kwa tarakimu nyingi kuliko alizozihitaji ili makosa yasijilimbikize. Hapo ndipo hesabu inapofanana na uchongaji: kosa dogo la mwanzo hulipiwa mwishoni.

30 Agosti

Pete ya korija ilikuwa rahisi: 3, 2, 16, 12, 14, 16. Maana yake, kama kipenyo ni boriti 400, mzingo ni boriti 1,256 na zaidi ya nusu. Sina la kuongeza.

Kijana ambaye baba yake anauza samaki alileta jambo jingine ambalo halitaingia ubaoni lakini sitaki lipotee. Aliuliza mizani ya sahani mbili inahitaji mawe mangapi kupima kila kilo kuanzia 1 hadi 40. Jibu ni manne tu: 1, 3, 9 na 27, mradi uruhusiwe kuweka mawe pande zote mbili. Samaki wa kilo 5: weka 9 upande wa pili, na upande wa samaki ongeza 3 na 1. Hiyo ni hesabu ya tatu tatu yenye tarakimu moja, sifuri na hasi moja. Kule Moscow, mwaka 1958, Nikolay Brusentsov na wenzake waliunda kompyuta iitwayo Setun inayohesabu kwa namna hiyo hiyo. Vijana walicheza na mawe ya mizani hadi baba wa mwenzao akayataka.

6 Septemba

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Fundi alianza pete ya nje, ile ya mbili mbili, kwa sababu ndiyo ndefu: tarakimu 24 baada ya nukta. Moja ni jani lililoinuka, sifuri ni shimo la duara lililozama. Nilimpa karatasi iliyotoka kwenye programu niliyoiandika kwenye kompyuta. Nilipofika karakana leo, alikuwa ameshachonga kumi na mbili za kwanza, na alikuwa amefurahi sana. "Mwalimu, ua hili lapendeza. Lajirudia kama nakshi ya mlango."

Nikaangalia. Shimo, shimo, jani. Shimo, shimo, jani. Shimo, shimo, jani. Shimo, shimo, jani.

Moyo wangu ulizama. Pai haijirudii. Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba pai haiwezi kuwa nambari nzima gawanya kwa nambari nzima, na kila nambari isiyokuwa hivyo haijirudii, uiandike kwa kumi, kwa mbili, kwa ishirini au kwa sitini. Kinachojirudia ni sehemu kama 22/7. Na ndicho nilichokuwa nimekiandika. Wiki iliyotangulia nilijaribu programu kwa 22/7 ili kuona kama inafanya kazi, kisha sikubadilisha.

Ziweke pamoja:

22/7: 11.001001001001
pai: 11.001001000011

Zinakwenda sambamba tarakimu nane baada ya nukta, ya tisa zinaachana. Kwenye duara la kipenyo cha pima ya fundi, kosa lote la 22/7 ni milimita mbili na robo. Kwa tangi la maji au kofia si kitu. Kwa ubao huu ni kila kitu, kwa sababu ubao huu ndio jibu la swali la yule msichana.

Ilinibidi nimwambie fundi kwamba ua lake zuri si kweli. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Kwani la kweli lakoma wapi?" Nikamwambia halikomi. "Na halijirudii?" Halijirudii. Akaweka patasi chini akasema miaka yote amechonga nakshi ambayo ukiona kipande kimoja unajua kinachofuata, na hajui mkono wake utafuata nini kama hakuna kinachorudi.

11 Septemba

Tumetengeneza. Katika zile kumi na mbili, zilizokosewa ni mbili tu: ya tisa, ambayo ilikuwa jani na inatakiwa shimo, na ya kumi na moja, ambayo ilikuwa shimo na inatakiwa jani. Jani kuwa shimo ni rahisi, unachimba. Shimo kuwa jani ni kazi. Fundi alilisawazisha kwa patasi, akakata kipande cha mbao ile ile, akakielekeza nyuzi zake zifuate nyuzi za ubao, akakitia gundi, akakiacha siku mbili, leo akachonga jani juu yake. Ukilijua utaliona. Nimemwomba asilifiche zaidi.

Hizi ndizo 24 zetu, nimezikagua mara tatu kwa njia mbili tofauti:

0010 0100 0011 1111 0110 1010

Fundi alizihesabu kwanza, kwa sababu za kikazi: mashimo 12, majani 12. Sawa kwa sawa! Vijana wakadhani ni kanuni. Nikawaambia hapana, katika 24 hizi imetokea hivyo, na hadi leo hakuna mtu aliyethibitisha kwamba ukiendelea bila kikomo sifuri na moja zitagawana nusu kwa nusu. Wengi wanaamini. Uthibitisho haupo. Niliona macho ya msichana yakiwaka, na nilifurahi kuliko siku nzima ile.

Nimezipanga nne nne kwa sababu. Kila nne ni tarakimu moja ya msingi wa kumi na sita, na kwa msingi huo Simon Plouffe aligundua mwaka 1995 fomula, iliyochapishwa baadaye pamoja na David Bailey na Peter Borwein, inayokupa tarakimu ya pai ya mahali popote upendapo bila kukokotoa zilizotangulia. Ya milioni moja bila zile 999,999. Kwa al-Kashi hili lingekuwa kama kufika Pate bila kupita baharini. Fundi alilielewa upesi kuliko wote: "Kwa hiyo twaweza kuchonga kuanzia katikati."

Tunaweza. Hatukufanya.

18 Septemba

Kitovu. Nafasi ya sahani ndogo ya kahawa. Hapa nilitaka msingi ambao hauhesabiki kwa kitu chochote cha sokoni: pai yenyewe.

Inaruhusiwa. Mwaka 1957 George Bergman, akiwa bado mtoto wa shule huko Marekani, alichapisha mfumo wa nambari ambao msingi wake ni uwiano wa dhahabu, 1.618 na kuendelea. Humo mbili huandikwa 10.01, na ukikokotoa inatoka sawa kabisa. Kwa msingi wa pai tunatumia tarakimu 0, 1, 2 na 3 tu, na pai yenyewe ni

10

Hiyo tu. Duara lenye kipenyo 1 lina mzingo 10. Duara lenye nusukipenyo 10 lina eneo 1000. Vijana walipiga makofi. Mmoja akasema basi tumemaliza, pai ina mwisho.

Nikawaambia sasa andikeni nne. Walizidisha kwa kikokotoo zaidi ya nusu saa: 10.220122021... na haikomi. Nne, idadi ya wao wenyewe waliokaa pale barazani! Ferdinand von Lindemann alionyesha mwaka 1882 kwamba pai si jibu la mlinganyo wowote wa vipeo wenye nambari nzima, kwa hiyo ukiipa pai nafasi ya starehe, nambari nzima kuanzia nne ndizo zinazobaki bila mwisho. Msichana aliandika nne ile daftarini kwa mistari miwili kisha akainua kichwa: "Kwa hiyo jibu la swali langu ni yote mawili." Sikuongeza neno.

25 Septemba

Ubao umepakwa mafuta na umekauka. Toka nje kwenda ndani: mbili mbili, kumi kumi, korija, saa, na kitovuni jani moja na shimo moja. Kuna doa karibu na ile sifuri ya saa, kutoka kwenye fundo la mti. Limekubaliwa.

Jioni fundi aliuchukua ule ukanda wa tanga, ambao sasa una alama za wino kila mkunjo, akauzungusha ubaoni. Kipenyo ni mkono mmoja wa ukanda, robo ya pima. Akahesabu kwa sauti, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akaweka vidole vyake juu ya nafasi iliyobaki.

"Mikono mitatu na zanda zitatu," akasema. Akainamisha kichwa akaangalia karibu zaidi. Kati ya kidole cha tatu na mwanzo wa ukanda ulionekana ufa mwembamba wa mbao. Akamwita msichana aje na rula.